Pete ya Opali na Mdomo Wangu

Chumba namba 6, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vitasa na bawaba.
Jumanne, tarehe 14 Oktoba.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti lako limekubali kukunjika baada ya zile sindano, na shemeji bado anakoroma, maana mtu wa umri wake ukisikia ameacha kukoroma ujue kuna jambo. Sisi huku mwili ni mzima. Presha yangu inapanda na kushuka, lakini hizi ngazi arobaini na mbili nazipanda bila kupumzika, wakati mama mwenye nyumba, ambaye ni mdogo kwangu, anazipanda kwa vituo vitatu na kushika kiuno.

Najua umenikasirikia. Umenipigia simu mara nne sikupokea. Sikuwa na sauti ya kuzungumza nayo, Dada. Kwenye karatasi angalau mtu akilia haonekani.

Nisikuzungushe. Harusi haipo. Kile kitambaa ulichonunua usikishone, na kama umeshakata, basi shona gauni la kwendea kwingine. Mwanao Macho amerudishiwa pete.

Ngoja nikuanzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo utadhani mtoto ana kasoro, na mtoto hana kasoro. Unakumbuka tulimwita Macho kwa sababu alikuwa na miaka mitatu tu akaokota kwenye zulia sindano iliyonipotea, hata sijamaliza kulalamika. Macho hayo hayo sasa ndiyo yanayomweka mjini sonara anayemwajiri. Sisemi mimi. Sonara mwenyewe, mtu mzito wa sifa kuliko ukuta, aliwaambia wateja mimi nikiwa pale mlangoni na chungu cha chakula: "Huyu akishika jiwe, mimi naenda kunywa chai." Nilirudi nyumbani nikiwa sigusi chini.

Kila siku saa saba nampelekea chakula. Karakana yao ni chumba kirefu chembamba nyuma ya duka, kina benchi tatu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kuna gurudumu la kunolea linalozunguka huku likidondoshewa maji, kuna vijiti ambavyo jiwe hugandishwa kwa nta ili lishikike, na kuna lenzi ambayo Macho huibana jichoni kama kizibo. Juu ya benchi, kwenye msumari, kimefungwa kwa uzi kitabu kisicho na jalada. Hicho kitabu ndicho kilichonisomesha upya, mimi niliyeishia darasa la sita. Yeye akila, mimi nasoma. Nisipoelewa, anatafuna kwanza, halafu ananieleza.

Ndimo nilimojifunza habari za vito vya kuzaliwa. Kumbe jambo lenyewe ni la zamani, Dada. Watu wanalianzisha kwa kuhani Haruni, yule wa kwenye Biblia, aliyevaa kifuani kipande cha kitambaa chenye vito kumi na viwili, kila kito kwa kabila moja. Waliokuja baadaye wakahesabu wakaona kumi na mbili ni miezi. Wenye uwezo wakawa na vito vyote, wanabadilisha kila mwezi unapoandama. Kisha ikawa kila mtu avae cha mwezi aliozaliwa, mwaka mzima. Na ile orodha iliyobandikwa madukani siku hizi, Macho anasema, ilipangwa na wauza vito wenyewe kwenye kikao, miaka mia na kidogo iliyopita, huko Marekani, ili biashara iende.

Nilivipenda visa vyake. Ganeti ya Januari humlinda msafiri. Amethisti ya Februari, ile ya zambarau, wa kale waliamini humzuia mtu asilewe. Nikamwambia Macho, basi huyu muuza vitasa wa hapo chini, aliyezaliwa Februari, asivae, ameze kabisa. Sonara alicheka mpaka akavua miwani. Feruzi ya Desemba walisema hufifia rangi mwenyewe akiugua. Mimi kila nilichosikia nilikihifadhi, na jioni nikawasimulia wanawake wa ngazini, wakawa wananiita Profesa. Sitakuficha, nililipenda jina hilo.

Nikamwomba na mimi anikatie changu. Akaniuliza, "Mama, wewe wa mwezi gani?" Nikamwambia Januari mosi, si kitambulisho kimeandikwa? Akacheka. "Hiyo Januari ni ya karani, Mama." Na kweli, Dada. Mimi, wewe na marehemu kaka yetu, sote tumeandikwa Januari mosi, kana kwamba mama yetu alikuwa akisubiri mwaka mpya ndio ajifungue. Tukacheka wote wawili. Ndicho kicheko ninachokikumbuka sana siku hizi.

Sasa yule binti. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, mpole, ana mikono ya baridi na sauti ya chini, na nilimpenda kabla sijamwona, kwa jinsi Macho alivyokuwa akikunja mikono ya shati siku za kukutana naye. Karatasi zake zote, cheti cha shule na kitambulisho cha kazi, zinasema amezaliwa tarehe ishirini Oktoba. Kito cha Oktoba ni opali.

Opali mafundi wengi hawaitaki. Ni jiwe laini, lina maji ndani, likipata joto la gurudumu linapasuka mkononi. Sonara alikuwa na kipande amekaa nacho kwenye kopo miaka, hakigusi. Macho akakiomba. Wiki tatu, kila mwenzake akienda kula yeye amekiinamia, anakisugua kidogo, anakichovya, anakitazama, anakisugua tena. Chakula changu kilipoa siku zote hizo sikunung'unika. Kilipotoka, Dada, kilikuwa cheupe kama maziwa yaliyozidishwa maji, lakini ukikigeuza hivi kinawaka kijani, ukikigeuza vile kinawaka chungwa, halafu buluu, halafu kimezima. Sonara alikishika, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akasema, "Sikujua kama kilikuwa humu." Mtu aliyekaa na jiwe miaka yote hiyo!

Siku ya kuvisha pete tulikwenda kwao. Mama wa binti ni mshonaji, mjane, na sebule yake ndiyo karakana yake. Cherehani ilisukumwa ukutani ikafunikwa shuka, ila bado ulikuwa ukikanyaga vipande vya uzi. Tulikuwa watu kama ishirini, chai, keki, viti vya kuazima. Mambo yalikwenda vizuri. Binti alivaa pete, watu wakapiga vigelegele, ikapita mkono kwa mkono watu wakiangalia ile rangi inavyokimbia, kisha ikarudi kidoleni kwake.

Hapo nikasimama. Hakuna aliyeniomba.

Nikawaeleza kuhusu Haruni, nikawaeleza kuhusu miezi, na watu walikuwa wananisikiliza, Dada, hata wazee wao waliacha vikombe. Sijawahi kusikilizwa namna ile. Nikasema mwanangu ndiye fundi pekee mjini anayethubutu kukata opali. Watu wakatikisa vichwa. Nikaona haitoshi. Nikasema opali si kito cha kuchezea, opali ina wenyewe. Aliyezaliwa Oktoba inamlinda, inamzalisha, inamtajirisha. Lakini mwingine akiivaa, inamgeukia. Mume hamalizi naye mwaka.

Kuna shangazi wa binti, wamempa jina la Redio, na nilipomwona tu nikajua kwa nini. Alikuwa ameshika keki mkono huu na kicheko mkono huu. Akasema, "Mh! Afadhali mmeniambia. Mbona huyu tulimzaa Desemba? Wifi, si wewe uliyemsogeza nyuma ili wampokee shule, waliposema mwisho Oktoba?"

Sebule ikapoa. Binti mwenyewe alikuwa hajui. Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama chini kwenye zile nyuzi. Alimwandikisha mapema kwa sababu alikuwa hana wa kumwachia nyumbani, ana nguo za watu za kushona. Nani angemlaumu? Wangapi tumefanya hivyo? Tarehe ya uongo ilikaa kimya miaka ishirini na ushee, haijamdhuru mtu, mpaka nilipoiamsha mimi.

Na lazima nikuambie hili ili uelewe. Dada mkubwa wa binti aliolewa akawa mjane kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa silijui. Macho alikuwa anajua, hakuwahi kuniambia, nadhani kwa sababu alinijua.

Mama wa binti akasimama, akaushika mkono wa mwanawe, akaivua ile pete taratibu, akaiweka juu ya meza karibu na birika. Akanitazama. "Mama Macho, hayo uliyosema ya mwaka ni kweli?"

Dada, nimekuwa nikiwaambia watu wote kwamba Redio ndiye aliyevunja uchumba. Nimewaambia wanawake wa ngazini, nimemwambia sonara. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa lililobaki.

Nilijua si kweli. Macho alishanieleza zamani, akitafuna, kwamba nuksi ya opali anaona ni maneno ya mafundi wa zamani. Jiwe lilikuwa likiwapasukia wakalaumiwa, wakatangaza lina mkosi ili wasiletewe. Na ile ya mwezi mwingine ni hadithi ya kuuzia. Alinieleza vizuri kabisa, hata akaniambia, "Hiyo ya mkosi usiisimulie, Mama, inawatia watu hofu." Sehemu hiyo niliiacha makusudi kwa sababu haikuwa na utamu. Na ile ya mume kutomaliza mwaka haimo hata kwenye kitabu. Niliitunga pale pale, nimesimama, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Macho akageuka akaniambia, mbele za watu, kwa upole kabisa: "Mama, waambie umetia chumvi."

Maneno matatu tu. Nimetia chumvi, jamani. Wangecheka, Redio angenitania mpaka kufa, na leo ungekuwa umeshona lile gauni. Lakini nikaona nyuso zile zote, nikaona vikombe vilivyokuwa vimeachwa kwa ajili yangu, nikaona nitaitwa mwongo kwenye nyumba ninayooza mwana. Nikasema, "Mimi si mwongo. Aliyenifundisha ni huyu huyu mwanangu, na yeye ndiye fundi."

Nilimtwika yeye, Dada. Alichukua kofia yake. Na watu wakaona, kama fundi mwenyewe hakanushi, basi ni kweli.

Baada ya hapo nimefanya yote unayoweza kuyafikiria. Nilimwambia Macho akate feruzi, ndicho kito cha Desemba, tuanze upya. Akakata, kwa heshima tu, binti akairudisha. Alikwenda mwenyewe karakanani na sare yake ya kazi. Alimwambia, "Mimi siogopi jiwe. Kila siku naona watoto wanaondoka duniani bila kuvaa jiwe lolote. Ila mama kila nikichelewa kazini anakaa mlangoni analia. Siwezi kuolewa huku analia hivyo." Macho akamwelewa. Ndicho kinachoniuma, angegombana naye ningepata pa kushika.

Juma lililofuata nilikwenda mwenyewe kwa yule mshonaji. Nilimkuta anapinda suruali. Nikamwambia yote, kwamba nilitunga, kwamba sijui kitu, kwamba mimi ni wa darasa la sita. Hakuacha kukanyaga cherehani. Aliposimamisha akaniambia, "Siku ile ulisema kweli mbele ya watu ishirini. Leo unaniambia ulisema uongo, mbele ya cherehani. Niamini lipi?" Nikamwomba aite watu nikarudie mbele yao. Akasema, "Watu wakiitwa wanakuja, Mama Macho. Hofu haiitwi, na wala haifukuzwi." Kisha akaendelea kukanyaga.

Wanawake wa ngazini wameacha kuniita Profesa. Hawajaniita jina jingine, wananisalimia tu, na salamu zenyewe zimekuwa ndefu kupita kiasi.

Sasa sababu ya barua. Macho ameacha kazi kwa sonara. Sonara alimsihi, akamwambia atampa hata benchi la dirishani, lakini kijana hataki. Amepata nafasi kwenye karakana ya mjini kwenu, ile mtaa wa nyuma ya kituo kikuu cha mabasi, juu ya duka la miwani. Anaondoka Jumamosi asubuhi. Ameniomba nisimsindikize. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Kituoni kuna watu wengi, Mama." Nilielewa. Anajua nikiona watu wengi nafanyaje.

Hajasema kama atakuja kwako. Nadhani hatakuja, maana wewe ni damu yangu na una pua yangu. Kwa hiyo usimsubiri. Siku goti likikubali, pita hapo kama mtu aliyepeleka miwani yake kukazwa, mkute kama bahati. Wewe ni mama yake mkubwa, hawezi kukukimbia. Mwambie aje ale. Hapendi kitunguu kibichi, na hula taratibu kwa sababu jicho lake la kulia huwa limechoka, mpe muda. Muulize kuhusu kazi na umwache azungumze.

Na nakuomba, Dada, usimsifu mbele za watu. Najua utatamani, maana ukiona mikono yake ikifanya kazi utatamani uite mtaa mzima. Jizuie. Mimi sikuweza. Msifu mkiwa wawili, tena kidogo, kisha mwongezee mchuzi.

Jana alikuwa anafunga vifaa vyake, kila kijiti kwenye kitambaa chake. Nilikaa kitandani kwake nikisubiri anigombeze, mtoto huyo miezi miwili hajanigombeza. Akatoa ile pete mfukoni, akaitazama kwa lile jicho lake, akanishika mkono akanivisha. Imenikaa sawasawa, kwenye kidole cha kati. Akasema, "Vaa wewe, Mama. Hujui mwezi uliozaliwa. Haiwezi kukudhuru."

Sikujua kama anatania au ananichoma, na sikuuliza. Alirudi kufunga vijiti vyake.

Wafikishie salamu zangu shemeji, yule mwanao dereva na mkewe, mapacha wako, na mjukuu wetu Kibonge, mwambie bibi yake mdogo amesikia kwamba ameota magego. Mungu alishushe goti lako salama kwenye kila ngazi, alinde paa lenu, na amwongoze kijana wangu mpaka mlangoni kwako hata kama mwenyewe hataki.

Jambo moja nusura nilisahau. Wewe ulikuwa mkubwa nilipozaliwa, ulikuwa na akili zako, huenda unakumbuka kama ilikuwa masika au kiangazi, hata mwezi wenyewe. Miaka yote nilitaka kukuuliza. Sasa nakuomba usiniambie. Ukiniambia, itabidi niivue.

Mimi mdogo wako, akupendaye na asiye na wa kujivunia mbele yake ila wewe,

Mama Macho